Sakafu na Herufi Moja

Neno sakafu tulilipata kwa Waarabu, na huko lilikotoka halikuwa chini ya miguu. Kwa Kiarabu, saqf ni paa, ni dari, ni kile kilicho juu ya kichwa. Lilipofika pwani yetu neno hilo likateremka, na kuteremka kwake kuna maelezo. Katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, mafundi walilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, wakapanga juu yake vipande vya mawe ya matumbawe, wakamimina chokaa, kisha kundi la watu likaitwanga chokaa hiyo kwa magongo siku nyingi, kwa mdundo mmoja na kwa nyimbo, mpaka ikakaza. Aliyekuwa chumba cha chini aliinua macho akaiona dari. Aliyekuwa chumba cha juu aliikanyaga. Kitu kilikuwa kimoja, na jina lake lilitegemea mtu amesimama wapi. Kamusi kongwe za Kiswahili ziliyaandika matumizi yote mawili, la kukanyagwa na la kufunika. Sisi wa leo tumebaki na la kwanza.

Nimeishi na neno hilo mwaka mzima, kwa kuwa mwaka mzima nilikuwa nikitafuta sakafu ya chumba kimoja cha nyumba yangu hapa Mbeya. Chumba chenyewe kina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Hakina kitanda wala meza ya chakula. Ni chumba cha kusikilizia: muziki wa dansi wa zamani, taarabu, ngoma za kwetu, na zaidi ya yote, mashairi yanayoghaniwa. Jirani yangu alipoelezwa alicheka. Alisema watu wa mji huu hujenga vyumba vya kupangisha, na mimi najenga cha kunyamazia. Maneno yake yalikuwa na ukweli, lakini hakujua kwamba kati ya saruji, marumaru, zulia na mbao, nilikuwa nachagua pia hatima ya ekari kumi na mbili za ardhi.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mufindi, mkoani Iringa, na alikuwa mtunzi. Hakuchapisha hata shairi moja. Aliyaandika katika madaftari ya shule, na mengi ya madaftari hayo mchwa waliyasoma kabla yetu. Kilichosalia ni kanda tatu za kaseti alizojirekodi mwenyewe akighani mwaka 1996, mbele ya redio kaseti ya betri, katika nyumba yetu ya zamani yenye kuta za udongo, sakafu ya udongo na paa la nyasi. Kanda ya tatu ina shairi la beti kumi na moja juu ya shamba lake la karibu na Mafinga, lenye mahindi upande mmoja na upande wa pili miti ya paini aliyoipanda kwa mikono yake. Ubeti wa mwisho ni wosia. Dada yangu anausikia hivi:

Wanangu nawausia, wosia msipoteze,
Masika yakikawia, mikono msilegeze,
Ndugu wakigombania, hasira msieneze,
Mimi nikitangulia, shamba letu msiuze.

Kaka yangu anausikia vilevile mpaka mwisho wa ukwapi wa kituo. Kutoka hapo, yeye anasikia: shamba letu mliuze.

Mpenzi wa ushairi ataona mara moja ugumu wa jambo hili. Hesabu mizani: sha-mba-le-tu-m-si-u-ze ni nane, na sha-mba-le-tu-m-li-u-ze ni nane. Kina ni kilekile. Kanuni zote za bahari yetu zinayapokea maneno mawili yanayoamuru mambo mawili yanayopingana, na hakuna hata moja inayoweza kulikataa mojawapo. Tofauti ni herufi moja, s au l, na katika utepe huo herufi hiyo imeangukia mahali ambapo utepe uliwahi kukunjika.

Walipogeukia sarufi, kila mmoja alirudi na silaha. Kaka alisema: shamba linataka kiambishi chake, -li-, nacho kimo katika mliuze, baba alikuwa mwalimu wa Kiswahili, angekusudia kukataza angesema msiliuze. Dada akajibu: msiliuze ingefikisha mizani tisa, na inkisari ni haki ya mtunzi; hata katika mazungumzo ya kawaida watu husema shamba msiuze na hakuna anayewakosoa. Dada akaongeza kwamba utao wa mishororo mitatu ya kwanza una msi-, msipoteze, msilegeze, msieneze, basi wa nne ungekosaje? Kaka akasema hapo ndipo penye mtego: sikio lililozoea msi- mara tatu litaisikia mara ya nne hata isipokuwapo, na baba alipenda kugeuza maana katika kituo. Tena, akasema, tazameni mshororo wa tatu. Ni kitu gani huwagombanisha ndugu kama si shamba la pamoja? Mzee aliliona hilo, akatuagiza tuuze, tugawane, tupendane.

Hoja zote hizo ni nzuri, na zingetosha kwa mjadala wa jioni kama mnunuzi asingekuwapo. Katika sehemu zile za Iringa, kuanzia msitu wa Sao Hill na pande zake zote, ardhi ya kupandia miti ina watafutaji wengi. Kaka ana watoto wawili vyuoni na deni. Dada ndiye anayelima shamba hilo na kula kutoka humo. Mimi niko Mbeya, sili kutoka shambani wala sidaiwi, na kwa sababu hiyo wote wawili waliniletea kanda. Tulimwuliza Mama, ambaye alikuwapo nyumbani siku ile ya kurekodi. Alisema, “Nilikuwa jikoni, wanangu. Sauti niliisikia, maneno sikuyasikia.”

Kwanza kanda ilinakiliwa kwenye kompyuta, ili utepe usiendelee kuchakaa. Kisha kila mmoja alivaa hedifoni kwa zamu. Dada alitoka na msiuze, kaka alitoka na mliuze, na binamu watatu wakagawanyika. Kijana mmoja wa ukoo alijaribu kuisafisha sauti kwa programu. Lakini kanda kuukuu ina mchirizo wake, ule usss usiokatika, na mchirizo huo ni ndugu wa herufi s. Programu ilipokaza kusafisha, iliondoa mchirizo pamoja na kila s ya baba. Ilipolegeza, s zikajaa hata pale ambapo hapana. Kaka alisema, na alikuwa na haki ya kusema, kwamba s anayoisikia dada ni mchirizo wa utepe tu.

Baba mdogo ndiye aliyeufunga mjadala huo. Alisema, “Wosia hausikilizwi kwa zamu, kila mtu na masikio yake kafungiwa kwenye waya. Wosia husikilizwa na kikao. Tafuteni mahali tukae wote, tusikie mara moja, tukubaliane.” Mahali pa kwanza palipofikiriwa ni sebule yangu, yenye marumaru chini, plasta kutani na dari ya saruji, kwa kuwa juu yake kuna ghorofa. Humo sauti ya baba ilikuwa kubwa na nzuri, kama ya mtu anayeghani ndani ya kisima, na kituo kikawa uji mtupu. Hapo ndipo niliposadiki kwamba chumba kina neno lake katika kila kinachosemwa ndani yake.

Naomba hapa niwaombe wapenzi wa lugha maneno mawili tuyatenganishe. Mwangwi ni sauti inayorudi ikiwa kamili na peke yake, kama mtu anapoita bondeni na mlima ukamjibu. Kinachotokea chumbani si mwangwi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo katika chumba cha mita 5 hugonga kuta, dari na sakafu mara nyingi sana kabla ya sekunde kwisha. Majibu hayo huja yakiwa yamebanana hata sikio haliwezi kuyahesabu. Linachosikia ni sauti moja inayokawia kufa. Mimi hukuita huko kukawia mvumo, na sijapata neno lililo bora zaidi.

Mtu wa kwanza kuupima mvumo kwa hesabu alikuwa Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kuutibu ukumbi wa mihadhara ambao wasikilizaji wake hawakumwelewa msemaji. Katika ukumbi ule silabi moja iliendelea kuvuma kwa sekunde 5 na nusu. Kabla haijafa, msemaji alikuwa ameongeza nyingine nyingi juu yake. Sabine alifanya kazi usiku, akiwa na bomba la kinanda na saa, akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kupima jinsi kila mto ulivyopunguza mvumo. Alichogundua kinaingia katika sentensi moja: mvumo huongezeka kadiri chumba kinavyokuwa kikubwa, na hupungua kadiri vitu vinavyomeza sauti vinavyoongezeka. Ukizidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha ukagawanya kwa jumla ya umezaji, unapata sekunde za mvumo.

Kwa chumba changu hesabu ilikuwa hivi. Ujazo ni mita za ujazo 60. Eneo la kuta, dari na sakafu ni mita za mraba 94. Ikiwa zote ni plasta na saruji, zinazomeza karibu asilimia 3 tu ya sauti inayozigonga, mvumo unazidi sekunde 3. Anayeghani kwa utaratibu hutamka silabi mbili hadi tatu kwa sekunde. Basi utao mzima wa mizani nane unaning'inia hewani kwa pamoja, na kina cha mwisho kinafika kikiwa kimezungukwa na ndugu zake wote.

Hapa Kiswahili kina shida yake. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na irabu ndizo zenye nguvu. Zinapovuma, zinafunika konsonanti inayofuata, ambayo ni fupi na dhaifu. Ndiyo sababu katika kumbi mbaya mshairi husikika vina vyake vyote na maneno yake nusu. Sasa chukua neno linalogombaniwa. Linaanza na m, sauti ya puani, nzito, ya chini. Kama herufi inayofuata ni s, kuna mwanya: koo linanyamaza, na upepo mwembamba tu unapita kwenye meno. Lakini katika chumba kinachovuma, ile m haijafa. Inamwagika ndani ya mwanya, inaujaza kwa sauti ya koo, na sikio linadhani limesikia l. Saruji, kwa maneno mengine, inamfaa kaka. Katika hedifoni hakuna chumba, mvumo haupo, ila mchirizo wa utepe unasogezwa hadi tunduni mwa sikio na kuwa tayari kuigiza s. Hedifoni zinamfaa dada. Nilihitaji sakafu isiyomfaa mtu.

Watu wengi watasema: weka zulia, ukuta kwa ukuta, mambo yaishe. Majedwali ya umezaji wa sauti, ambayo wahandisi huyatumia kila siku, yananiambia vingine. Zulia zito lililotandikwa juu ya saruji humeza asilimia 65 ya sauti nyembamba za mitetemo 4,000 kwa sekunde, ambako ndiko inakoanzia sauti ya s. Kwa sauti nzito za mitetemo 125, ambako ndiko iliko ngurumo ya m ya mwanamume, zulia hilohilo humeza asilimia 2. Yaani linaifuta s na kuiacha m ikivuma kama zamani. Chumba kilichojaa zulia huonekana kimetulia kwa sababu ukali umeondoka, lakini kimetulia kwa upande mmoja tu. Kama ningelitandika kote, ningekuwa nimeamua kesi kabla ya kusikilizwa.

Mkeka nao niliufikiria, kwa mapenzi zaidi kuliko kwa hesabu. Lugha yetu ina utajiri wa vitandiko: mkeka, jamvi, busati, msala. Na Iringa ni nchi ya ususi. Vikapu vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Kihehe vinajulikana mbali. Lakini ukili ni mwembamba, na kitu chembamba kilicholala juu ya kitu kigumu hakimezi kitu cha maana. Mkeka hupendeza macho na hustarehesha miguu. Masikio hayaupati.

Sakafu ya udongo, ile ya nyumba ya baba, ingekuwa jibu la haki kuliko yote, pamoja na paa lake la nyasi. Sauti yake ilitoka katika chumba kilichokuwa kikiimeza pande zote. Ndivyo zilivyo nyingi za sauti zetu: hazikuzaliwa kwenye saruji. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi ala za wenyeji. Miongoni mwa ala za nchi yetu ni ligombo la Wahehe, lenye nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa na kibuyu cha kuikuza sauti. Ala kama hizo zilipigwa uani, juu ya ardhi iliyokanyagwa, na dari yake ilikuwa mbingu. Sauti iliyopanda haikurudi. Tunapozileta nyimbo hizo katika vyumba vyetu vya saruji, tunazikaribisha ugenini.

Nilibaki na mbao. Mbao zilizogandishwa moja kwa moja kwenye saruji hazina tofauti kubwa na saruji yenyewe. Ila mbao zilizopigiliwa juu ya vibao vya kulalia, zikaacha uwazi chini yake, hutikisika kidogo sauti nzito zinapozigonga, na katika kutikisika huzila. Kwa mitetemo 125, sakafu ya namna hiyo humeza asilimia 15, pale ambapo saruji humeza asilimia 1. Kwa sauti nyembamba humeza asilimia 6 au 7, si nyingi. S inaachwa hai. Hii ndiyo tabia niliyokuwa nikiitafuta: ukali kwa m, upole kwa s. Na jedwali hilohilo lilinirudisha kwenye neno la Kiarabu. Dari ya bodi za jipsamu iliyoning'inizwa humeza sauti nzito kupita sakafu yoyote ya mbao, asilimia 29. Sakafu na dari hutazamana siku zote. Sauti inayoiacha moja inaiendea nyingine. Sikuweza kuichagua ya chini bila kuichagua ya juu. Waliolipa paa na sakafu jina moja walikuwa wamekaa vizuri ndani ya nyumba zao.

Ubao gani? Mninga ni fahari ya Tanzania, mzito, mwekundu, na bei yake ni ya mti ambao hauoti haraka. Nilichagua paini ya Mafinga, mbao za kawaida zinazoshushwa kila siku kutoka kwenye malori yanayopita barabara kuu ya Iringa na Mbeya. Paini ni nyepesi, na wepesi ni sifa kwa kazi hii. Kasoro yake ni unyevu: huuzwa mbichi, na ikipigiliwa mbichi hujikunja na kuacha nyufa inapokauka. Zangu zilipangwa kivulini, zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite, tangu mvua zilipokatika mwezi Mei mpaka mwisho wa Agosti. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai haina mvua, na upepo wake mkavu hufanya kazi polepole bila kuupasua ubao.

Fundi seremala aliyeijenga ni mzee wa Rungwe mwenye maneno machache. Alipiga teke vibao vya kulalia, akaangalia uwazi niliotaka, akauliza, “Bwana, unataka sakafu au ngoma?” Swali lilikuwa sahihi. Ubao uliotandazwa juu ya hewa tupu hulia kila unapoguswa, na chumba cha kusikilizia hakitakiwi kuwa na ala yake. Tukakubaliana: vibao visogezwe hadi sentimita 40 kati ya kimoja na kingine, na uwazi ujazwe mablanketi makuukuu ya sufu yaliyofuliwa na kukauka kabisa. Mbao zilipakwa dawa ya wadudu, zikapigwa randa, zikaungwa kwa ulimi na mfereji. Alipomaliza alitembea kutoka pembe hadi pembe, akirudi na kupita, kichwa kimeinama. Kisha akasema, “Sasa imenyamaza.” Nikamwambia, “Ndaga, fundi.”

Juu ya mbao hizo nilitandika zulia moja dogo, kati ya spika na wasikilizaji, mahali ambapo sauti hugonga sakafu mara ya kwanza kabla ya kufika sikioni. Rafu za vitabu zikasimama ukuta wa nyuma, mapazia mazito yakafunika dirisha. Nilisimama katikati nikapiga makofi. Mlio ulikufa mara moja, bila mkia.

Kikao kilikaa Jumamosi moja ya Septemba, usiku, kabla ya mvua kurudi kupiga ngoma juu ya mabati. Tulikuwa tisa. Baba mdogo alipewa kiti, sisi wengine tuliketi chini kwenye mbao. Mama alibaki jikoni, kama ile siku ya mwaka 1996. Hakuna aliyeambiwa habari za mitetemo wala asilimia. Niliona si haki kuyatayarisha masikio ya mtu. Baba mdogo aliomba kimya, kisha shairi likaanza kutoka ubeti wa kwanza, kwa kuwa alikataa kusikiliza wosia uliokatwa kichwa.

Jambo la kwanza tulilolisikia wote ni mchirizo. Katika chumba kile ulikuwa kitu kilichojitenga, uko nyuma, hausogei, kama mvua ya mbali. Mbele yake alikuwa baba. Nilimsikia akivuta pumzi kati ya mishororo. Nilimsikia akilamba kidole na kufungua ukurasa, kumbe alikuwa akisoma daftarini. Zilipofika msipoteze na msilegeze, kila s ilianza na ikaisha, ikiwa na kingo zake, na mchirizo ukaendelea bila kujali. Hatimaye kituo. Utepe uliyumba pale ulipokunjika. M ikasikika, ikakatika, ukaja upepo mfupi wa kwenye meno, ikaja i.

Hakuna aliyesema. Baba mdogo akainua kidole, ikarudiwa. Ikarudiwa tena. Mara ya tatu kaka ndiye aliyesema. Alisema, “Ni si.” Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari, “Msiuze. Inkisari.”

Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Herufi ile ilikuwa imempa dada shamba na kumwachia kaka deni, na kaka ndiye aliyeitamka mbele ya watu tisa wakati angeweza kusema bado hasikii. Kama kuna mtu aliyemheshimu baba usiku ule, ni yeye. Dada alilijua hilo. Ndiye aliyetoa pendekezo, kabla chai haijaletwa: shairi limekataza kuuza shamba, halikukataza kuvuna. Paini za baba zimepita miaka 25, zimekomaa. Zivunwe, fedha zimwendee kaka na watoto wake, na miche mipya ipandwe mahali pake. Baba mdogo aliuliza kama kuna ubeti unaopinga. Tukausikiliza wa sita na wa saba, unaohusu miti. Haukupinga.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya wenzangu ambao nyumbani mwao kuna kanda ndani ya sanduku, chini ya kitanda, zenye sauti ya babu au shangazi aliyekuwa akighani. Tumezoea kusema mashairi yetu ni ya kuimbwa, kisha tunayahukumu kwa yale yaliyoandikwa na mtu mwingine aliyeyasikia vibaya. Si lazima mtu ajenge chumba. Nakilini kanda mapema, maana utepe hausubiri. Sikilizeni mahali penye vitambaa, vitabu na mbao, mbali na marumaru. Sikilizeni watu wengi kwa pamoja, na anayeandika asiandike mpaka wawili wenye maslahi tofauti wamekubaliana juu ya silabi. Katika kanda ya pili ya baba kuna neno, ubeti wa nne, ambalo sisi wote tunalisikia vizuri sasa na hakuna anayelijua maana. Nafikiri ni la Kihehe, limevikwa viambishi vya Kiswahili ili litimize mizani. Nitalileta hapa tukishaliuliza kwa wazee wa Iringa.

Kanda ya kwanza bado haijafunguliwa. Tumepanga kuisikiliza mwezi ujao, na Mama ametuma ujumbe kwamba safari hii chai apike mwingine.